Juma Kuu nikiwa Lamu kutengeneza friji

Jumapili ya Matawi, Malindi

Pasaka ya 2023 ndio nilipokelewa Katoliki pale kanisa kuu la Mtakatifu Antonio, kwa hivyo hii ya 2024 ndio Juma Kuu langu la kwanza nikiwa ndani kabisa, na nilikua nimejipanga vizuri, Alhamisi niko kanisani, Ijumaa niko kwa Njia ya Msalaba, Jumamosi mkesha na jumuiya yetu tumeketi pamoja. Alafu bosi akapiga simu. Hoteli moja huko Shela, kisiwani Lamu, friji zao zimekufa na wageni wa Pasaka wako njiani, fundi ni wewe, kesho panda basi. Nikamwambia bosi ni Juma Kuu, akasema na mimi najua ndio maana wageni wanakuja.

Basi leo angalau nimepata matawi. Watu wamekuja na makuti mabichi ya mnazi, watoto wamesokota misalaba wanachokorana nayo mgongoni mpaka katekista akawatenganisha. Mwaka huu tunasoma Injili ya Marko, na ile Injili ya Mateso ni ndefu, unasimama mpaka magoti yanalalamika, lakini kuna kitu kwa Marko peke yake hukipati kwa wale wengine watatu: yule kijana aliyekua amejifunga shuka tu, walipomkamata akaiacha shuka mikononi mwao akakimbia uchi. Hakuna anayesema ni nani. Nilipoisikia nikacheka kidogo, jirani akaniangalia.

Na ile sehemu ya umati tunasoma sisi waumini. Kule nilikotoka, kanisa la kiroho, mahubiri yote mimi nilikua upande wa Petro na Yohana, sijawahi kuwekwa upande wa wale wanaopiga kelele. Hapa unasimama na tawi lako mkononi, ile ile asubuhi ulipoimba Hosana, unasema "Msulubishe". Mwaka jana mdomo ulikua mzito. Mwaka huu nimesema kwa sauti.

Jumatatu, njiani

Basi limetoka asubuhi. Gongoni, Marereni, Garsen, alafu unakunja kuelekea Witu na Mokowe. Hii barabara zamani ilikua vumbi na mashimo, sasa ni lami, lakini mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Nino yaliikata kule upande wa Gamba watu wakawa wanavushwa kwa mashua juu ya barabara yenyewe, na hata sasa unaona kingo zilivyoliwa. Vizuizi vya polisi ni vile vile, kitambulisho mkononi, shuka, tembea, panda. Hakuna anayenung'unika, watu wameshuhudia mengi hii njia.

Nilikua na rozari mfukoni lakini nikasali kwa vidole kumi, sikutaka kuitoa. Nikajiuliza mbona, maanake mama aliyeketi mbele alikua anavuta tasbihi yake tangu Malindi bila kuona haya. Baada ya Garsen nikaitoa. Hakuna aliyegeuka.

Mokowe ukiingia boti ndio unakumbuka ni Ramadhani, vile vibanda vya chai vimefungwa, gati liko kimya, makuli wanabeba mizigo taratibu. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimepandana. Kwaresima yetu ilianza 14 Februari, Jumatano ya Majivu ikagongana na Valentine, wengine walienda dina na majivu usoni. Ramadhani ikaanza mwezi wa tatu katikati ya Kwaresima. Shela nimefika jioni, nimeonyeshwa chumba nyuma ya jiko, na kwa paa nikaona mwezi umejaa kabisa. Hapo nikaelewa kitu nilichofundishwa darasani kikapita tu: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa 21 Machi au unaofuata, kwa hivyo ikiangukia Ramadhani lazima iwe baada ya katikati ya mwezi, haiwezi kuwa mwanzoni. Mwezi ni mmoja, tunauhesabu tofauti tu.

Jumanne

Kazi. Shida ya friji za jikoni ni kondensa, zile koili za kutoa joto nje, upepo wa chumvi umezila, ukigusa zile fini za alumini kwa kidole zinabaki unga mweupe mkononi. Moja kompresa, ile pampu ya gesi, imeungua kabisa. Nimeagiza vitu Mombasa.

Msimamizi wa hoteli ni mzee wa Kiamu, wote wanamuita Ami, na mimi nimemuita Ami. Ananiletea chai saa nne mwenyewe na yeye amefunga. Nikamwambia Ami usijisumbue, akasema wewe ni mgeni na si mfungo wako. Nikamwambia na mimi niko kwenye mfungo. Akaniangalia, akaangalia kikombe. "Mfungo wenu una chai?" Nikaanza kueleza, kwamba Kwaresima ni siku arobaini za kujinyima, lakini kufunga kwa lazima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili na kidogo kidogo mara mbili, na nyama hatuli Ijumaa zote za Kwaresima. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu alafu akasema "Kwa hivyo chai imo." Imo Ami. Akaenda zake akitabasamu.

Jumatano

Vitu havijafika. Nimesafisha mabomba, nimefanya vakyumu, yaani kuvuta hewa yote ndani ya mabomba, kwa friji moja, nimelala mchana kama kila mtu.

Alhamisi Kuu

Saa kumi nikamuaga Ami nikapanda boti mpaka mjini. Kanisa letu Lamu ni dogo na waumini ni wachache, wengi ni watu wa kazi, walimu, manesi, askari, watu wa hoteli, karibu wote wametoka bara. Nilikua na wasiwasi wa mgeni, utakaa wapi, utaulizwa nini. Katekista mlangoni akanisalimia "Tumsifu Yesu Kristo" nikajibu "Milele na milele, amina" na hiyo ikatosha, nikapewa kitabu cha nyimbo.

Hapa ndio nataka kuandika kidogo. Kitu kilichonisumbua miaka yangu miwili ya mafundisho ni hizi sala za kuandikwa. Kule kwetu sala ilikua ni moto, mtu anasali kwa jasho, machozi, sauti inakauka, na usipohisi kitu unajua siku hiyo haujasali. Nilipoanza kuhudhuria Misa nilikua nahesabu watu wanaopiga miayo. Nilimuuliza padri, hivi mnasema maneno yale yale kila siku Mungu hachoki? Akanijibu kwa swali, wewe mke wako ukimuamkia kila asubuhi kwa maneno yale yale huwa anachoka? Sikuridhika, maanake sina mke.

Lakini leo nimeingia kanisa ambalo sijui mtu hata mmoja, nimechoka, nanuka gesi ya friji, sina moto wowote, na kutoka ishara ya msalaba ya kwanza nilijua nisimame wapi, nijibu nini, nipige magoti lini. Yale maneno yalikua yananingoja. Sikuhitaji kuleta chochote changu ili ibada isimame, ingesimama tu. Zamani hiyo ndio ilikua lawama yangu kwa Wakatoliki na leo ndio nimeshukuru.

Kuosha miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Walioitwa hawakufika kumi na wawili, na si lazima wafike. Tangu 2016 Papa Francis aliruhusu rasmi wanawake pia wawemo, kwa hivyo kulikua na nesi mmoja na mama mmoja mzee. Na askari. Yule askari alikuja na buti zake za kazi, zile za kamba ndefu, na hakuna aliyefikiria hilo. Padri amepiga magoti na beseni, kijana amebeba jagi, na jamaa anafungua kamba, tundu moja moja, kiatu hakitoki, anavuta, kwaya imemaliza wimbo imeanza tena ubeti wa kwanza. Soksi ilikua na tundu kwa kidole gumba. Padri alingoja tu akiwa amepiga magoti pale chini, hakumharakisha. Alipomaliza kumuosha akambusu mguu, na yule mtu mkubwa vile akawa anaangalia juu kwa paa ili macho yasimwage.

Baadaye Sakramenti, ile mikate iliyowekwa wakfu, ikahamishwa, altare ikavuliwa nguo zote, na kengele hazitalia tena mpaka Gloria ya Jumamosi usiku. Nikakesha mpaka boti ya mwisho. Nje msikiti ulikua kwenye tarawehe, sauti ya imamu inaingia dirishani vizuri kabisa, na sisi ndani tumenyamaza.

Ijumaa Kuu

Leo hakuna Misa popote duniani, ni liturujia ya Mateso tu, na komunyo ni ile iliyowekwa wakfu jana. Tumefanya Njia ya Msalaba mapema kabla ya jua kali, vituo vyote kumi na vinne, alafu saa tisa ibada yenyewe, Mateso kwa Yohana, kuabudu Msalaba. Mtu mmoja mmoja unaenda, unapiga goti, unabusu mbao. Kule kwetu hii ingeitwa kuabudu sanamu, mama yangu mpaka leo anaiita hivyo. Mimi sijaona mtu pale aliyekua akifikiri mbao.

Nimerudi Shela kukiwa karibu na magharibi na kichwa kinauma. Ami akaniona nakatiza uani. "Ndoo ufuturu." Mkeka umetandikwa, tende, maji ya ukwaju, kaimati, tambi za nazi, na sinia ya sambusa. Nikala tende. Nikala tambi, hiyo ndio ikawa mlo wangu wa siku. Sinia ya sambusa ikanifikia nikaipitisha. Ikarudi. Ami akasema chukua, nikamwambia Ami ni za nyama na leo ni Ijumaa Kuu. Vijana wakacheka, mmoja akasema sasa huyu anafunga wakati wa kufuturu! Ami hakucheka. Akaita jikoni, akaletwa bakuli la mbaazi na mahamri mawili, akaniwekea mbele bila neno.

Baada ya swala tukakaa barazani na hapo ndio akanichokoza. Akauliza wewe ulizaliwa Mkristo wa namna nyingine ukahamia hii, si ndio? Ndio. Akasema sisi huku tuna kisa cha mtu aliyehama, Yusuf bin Hassan. Nilikua namjua kwa jina tu. Ami anamjua kama jirani. Ukoo wa masultani wa Malindi, babake akauawa 1614 kwa njama za Wareno, mtoto akapelekwa Goa akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa akaitwa Jeronimo, 1626 wakamrudisha Mombasa akawa mfalme. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus akamuua kapteni, akarudi Uislamu, na Wareno na Waswahili waliokua wamebatizwa wakauawa wengi waliokataa kumfuata. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Ami anawaona kwa njia yake. Akasema "Walimuulia babake kisha wakampa jina jipya, wewe ulitaraji nini?"

Sikua na cha kubishana, na sidhani nilipaswa. Hao waliouawa nawasalia, hasa wale Waswahili, walikua na njia ya kutoka na hawakuipita. Lakini huyo Yusuf pia nimemfikiria usiku kucha. Alipewa imani na mikono ile ile iliyomuulia babake. Mimi hakuna aliyenibeba, nilienda kwa miguu yangu nikagonga mlango wa ofisi ya parokia nikaulizwa "unataka nini" na sekretari aliyekua anakula muhogo.

Nikamlipa Ami na kisa changu. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, akamzika mtu wa melini mwao pale, na kile kikanisa kidogo cha Wareno bado kiko, chenye makuti. Aliandika barua kwamba mzee mmoja Muislamu mwenye heshima alimuuliza kama Wakristo bado wanajaa makanisani, maanake Malindi kulikua na misikiti kumi na saba na watu wanaenda mitatu tu. Ami akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwaka gani?" 1542 Ami. "Basi hawajabadilika!"

Jumamosi Kuu

Vitu vimekuja na boti ya asubuhi, nimefunga kompresa, nimejaza gesi, saa kumi friji zote zinashika baridi. Nimeoga mara mbili.

Mkesha hauruhusiwi kuanza kabla ya giza. Moto umewashwa nje uani, upepo wa bahari ukawa unauzima, vijana wamezunguka na maboksi kuukinga. Padri akachora kwenye Mshumaa wa Pasaka msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka, 2 na 0 na 2 na 4, akachomeka zile punje tano za ubani. "Mwanga wa Kristo." "Tumshukuru Mungu." Mishumaa yetu midogo ilizimika njia nzima, unawasha kwa jirani, inazimika, anawasha kwako.

Kisha Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu wa kutangaza ufufuko, alafu masomo. Yako saba ya Agano la Kale, parokia nyingi wanapunguza, lakini lile la Kutoka 14, Bahari ya Shamu, halipunguzwi kamwe. Msomaji wake alikua amekwama Mokowe. Katekista akanijia gizani akanong'ona "wewe fundi unasoma?" Nikasoma. Kwa mshumaa unaoyumba, jina la Musa na la Farao nikilitamka huku msikiti wa jirani nao wanasoma yao kwa spika, na huyo Musa ni wao pia. Sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu. Nilisoma polepole.

Kulikua na mtu mmoja wa kupokelewa, mwalimu, amekuja kama mimi, ameshabatizwa kwingine kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa hivyo hakubatizwa tena, anakiri imani, anapakwa Krisma, anapokea komunyo. Watu wengi hudhani Katoliki wanakubatiza upya. Hapana, ubatizo ni mmoja. Kwangu mimi shida ilikua cheti, kanisa langu la zamani halikutaka kuniandikia barua, na padri akasema basi tunahitaji shahidi aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni mama. Mama ambaye alikua hajanisemesha miezi. Alikuja Malindi na matatu, akaketi mbele ya meza ya paroko amefunga kilemba, akasema "Nilikuwepo. Alizamishwa baharini, ni kwa Utatu, na maji yalikua baridi." Akaweka sahihi akarudi Gongoni bila kunywa chai.

Huyo mwalimu alipopakwa mafuta nilimuona anafuta paji la uso na kiganja, ile Krisma inashuka na inanukia. Nilitaka kumwambia usifute.

Jumapili ya Pasaka, Gongoni

Boti ya kwanza, basi, vizuizi, kitambulisho. Ami amenifungashia kaimati kwenye gazeti akaniambia nile njiani kwa niaba yake. Nimekumbuka kwamba Vasco da Gama alifika Malindi Pasaka ya 1498, mji ukampokea vizuri ukampa na rubani wa kumvusha mpaka India, na nikafikiri wenyeji wetu walikua na roho.

Nimeshuka Gongoni. Mama ndio ametoka kanisani kwao, bado ana sauti ya kukauka. Amefurahi, amechinja kuku, nimekula kuku huyo kwa dhamira safi. Ameuliza Lamu kulikuaje, nikamwambia kuhusu askari na buti, akanyamaza akasema hiyo ni ya Biblia. Nikamwambia nimebusu msalaba, akasema hiyo si ya Biblia. Tumebishana kuhusu Maria kama nusu saa, sauti ikapanda, majirani wakachungulia, alafu akaniuliza kwa nini friji yake inatoa maji kwa chini, nikaifungua, ni bomba la kutolea maji limeziba.

Nikiwa chini hapo na waya nazibua akasema Jumapili ijayo nije kwao, kuna mgeni wa kuhubiri. Nikamwambia Jumapili ijayo siwezi, jumuiya yetu iko zamu ya kufagia kanisa.

"Mnafagia nyinyi wenyewe?"

Nikamwambia eeh, na kupiga deki.

Akasema "Basi hapo angalau mnafanya kazi", akaniletea kitambaa nipanguse sakafu.